Jinsi Bara Ilivyoinuka

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Shule yetu iko pwani, katika viunga vya Dar es Salaam, lakini sisi wa bweni tumetoka karibu kila mkoa. Muhula unapofungwa, wenzetu wa Dodoma, Tabora, Kigoma, Iringa na Mbeya hushika njia ya kwao, na wote, wapende wasipende, hupanda. Tena wakifika juu hawashuki upesi kama mtu avukaye kilima. Hukuta nchi pana iliyolala juu ya usawa wa bahari kwa mita elfu moja au zaidi, na nchi hiyo huendelea hivyo kwa mamia ya kilomita. Nchi ya namna hii huitwa uwanda wa juu.

Katika makala haya nataka kueleza ni nguvu gani iliyoinyanyua, ushahidi wake ni nini, na kwa nini sisi tunaokaa Temeke na Kinondoni, karibu sawa na bahari, hatuwezi kusema kwamba jambo hilo halituhusu.

GANDA LA DUNIA

Hapana budi tuanze na ganda la dunia, yaani tabaka la nje tunalolikanyaga. Chini ya mabara unene wake kwa kawaida ni kilomita 30 hadi 40. Chini ya ganda kuna mwamba wa moto sana. Watu wengi hudhani kwamba mwamba huo ni majimaji kama uji, lakini sivyo. Ni mgumu, ila kwa sababu ya joto lake hujongea polepole mno. Mfano wake ni lami. Ukikigonga kipande cha lami kwa nyundo kitavunjika, lakini ukikiacha juani siku nyingi kitatanda chenyewe bila kupigwa na mtu. Mwamba wa chini hufanya vivyo hivyo, ila yeye huhesabu kwa mamilioni ya miaka.

Sehemu ngumu ya juu imegawanyika katika mapande makubwa, nayo husogea. Mapande yakisukumana, yakivutana, au yakisukumwa kutoka chini, ganda hugeuka umbo. Huweza kugeuka kwa njia kuu tatu.

Ya kwanza ni kukunjamana. Tandika mkeka sakafuni, kisha usukume upande mmoja kuelekea ukutani. Mkeka hauna pa kwenda, basi hufanya makunjo na kuinuka. Ndivyo ilivyotokea pande la India lilipoanza kugonga bara la Asia, yapata miaka milioni 50 iliyopita. Hapo ndipo ilipoinuka milima ya Himalaya, na nyuma yake uwanda wa juu wa Tibet, ambao wastani wa kimo chake ni zaidi ya mita 4,500. Ganda la Tibet limejazana hata unene wake umefikia kiasi cha kilomita 70.

Ya pili ni kuvimba. Mwamba wa chini ukipata joto kuliko kawaida, hutanuka na kuwa mwepesi, nao hupanda na kuinua ganda lililo juu yake. Hapa hakuna kugongana, wala makunjo si lazima. Nchi nzima huinuliwa pamoja, kama mkate unavyoumuka.

Ya tatu ni kupasuka. Mkate ukizidi kuumuka, juu yake huchanika. Ganda nalo likivutwa hupata nyufa, na mapande yaliyo kati ya nyufa hushuka au huinuka. Pande likishuka twapata bonde la ufa. Pande likibaki juu wakati jirani zake wameshuka, twapata mlima au uwanda wenye kingo kali. Mwanajiolojia J. W. Gregory alikuja Kenya mwaka 1893 akaliona bonde hilo, naye ndiye aliyelieneza jina la Bonde Kuu la Ufa katika kitabu chake cha mwaka 1896.

Uwanda wetu wa Afrika Mashariki haukufanywa kwa njia ile ya Tibet. Umefanywa kwa kuvimba, kisha kwa kupasuka. Wataalamu hupima jinsi mawimbi ya matetemeko yapitavyo ndani ya dunia, nao wameona kwamba chini ya Afrika Mashariki mawimbi hayo huenda polepole kuliko mahali pengine. Mwamba wa moto huchelewesha mawimbi. Kwa hiyo wametambua kwamba chini yetu pana joto kubwa lipandalo kutoka ndani sana.

NYANGUMI WA TURKANA

Mwanafunzi mwerevu atauliza: tutajuaje kwamba nchi iliinuka? Pengine ilikuwa juu tangu mwanzo. Swali hili ni la haki, na jibu lake moja zuri sana limetoka kwa nyangumi.

Mwaka 1964 mtaalamu wa Kimarekani, James Mead, alichimbua mifupa iliyogeuka jiwe mahali paitwapo Loperot, magharibi ya Ziwa Turkana, kaskazini ya Kenya. Ilikuwa mifupa ya nyangumi wa jamii ya wale wenye mdomo mrefu. Mifupa hiyo ilipelekwa Marekani, ikapotea machoni pa wataalamu kwa miaka mingi, hata ikaonekana tena mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2015 wataalamu walitoa taarifa yao: nyangumi yule aliishi miaka milioni 17 iliyopita.

Sasa tufikiri. Mahali alipookotwa ni nchi kavu, yapata kilomita 740 kutoka pwani ya sasa, tena ni mita 620 juu ya usawa wa bahari. Nyangumi hana miguu. Hapana shaka aliingia katika mdomo wa mto, akapotea njia, akaogelea kwenda juu hata akafa huko. Lakini nyangumi hawezi kupanda maporomoko ya maji. Basi mto ule ulikuwa mpana na wa taratibu, na nchi ilikuwa chini. Wataalamu walikadiria kwamba mahali pale palikuwa kati ya mita 24 na 37 tu juu ya bahari.

Je, haiwezekani kwamba bahari ndiyo iliyoshuka? Haiwezekani. Hata katika zama za barafu, maji mengi ya dunia yalipoganda, bahari ilishuka kwa kiasi cha mita 120 tu. Karibu mita 600 haziwezi kuelezwa hivyo. Nchi yenyewe ndiyo iliyopanda.

MKATO WA NCHI TOKA DAR ES SALAAM HADI KIGOMA

Ili niuelewe uwanda wetu nilichora mkato wa nchi, yaani picha ya jinsi nchi ingeonekana kama ingekatwa kwa kisu kutoka juu hadi chini. Nilifuata Reli ya Kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914 na ambayo urefu wake kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,250. Namshauri kila asomaye jiografia afanye hivyo, kwa kuwa reli hii hukata karibu kila jambo nililolitaja.

Kutoka pwani nchi hupanda kidogo kidogo. Morogoro ni kiasi cha mita 500 tu. Lakini hapo hapo, kando ya mji, husimama milima ya Uluguru yenye vilele vya zaidi ya mita 2,600, na juu yake kuna uwanda mdogo uitwao Lukwangule. Miamba ya Uluguru ilipikwa chini sana ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, mabara ya kale yalipogongana. Milima ile ya kale ililiwa na mvua na jua. Baadaye nyufa zikakata nchi, na pande hili likabaki juu wakati jirani zake waliposhuka. Kwa hiyo Uluguru ina umri wa aina mbili: miamba yake ni mikongwe, na kuinuka kwake ni kwa baadaye sana.

Baada ya Kilosa reli huanza kupanda kwa bidii. Reli ya zamani hufuata bonde la mto Mkondoa, na mara nyingi mafuriko yameikata, kwa sababu maji yashukayo kutoka ukingo wa uwanda huja kwa nguvu. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, imepitishwa kwenye mahandaki sehemu hizo. Dodoma ni kiasi cha mita 1,120. Sasa tumefika juu ya uwanda.

Mbele ya Dodoma nchi hushuka tena hadi Bahi, kisha ghafula husimama mbele yake ukingo wa Kilimatinde. Huu ni mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa, unaoishia ishia huko katikati ya nchi. Treni hupanda ukingo huo na kufika Manyoni na Itigi, zaidi ya mita 1,200. Kutoka hapo mpaka Tabora na mbele yake mchoro wangu ulikuwa karibu mstari ulionyoka. Pande hili la katikati ni la miamba migumu, sehemu kubwa matale, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Liliinuliwa, lakini halikuchanika. Ukikishona kipande cha ubao katikati ya kitambaa kisha ukavuta pande zote mbili, kitakachochanika ni kitambaa kandokando ya ubao. Ndiyo sababu Bonde la Ufa limegawanyika mikono miwili, mmoja ukipita mashariki ya pande hilo gumu na mwingine magharibi.

Kati ya mikono hiyo miwili nchi imebonyea kidogo kama sahani, na katika sahani hiyo limekaa Ziwa Victoria. Lina eneo kubwa sana, lakini kina chake ni kiasi cha mita 80 tu. Hapo kale mito kama Kagera na Katonga ilikwenda magharibi. Ukingo wa magharibi ulipoinuka, maji yalizuiwa, yakarudi nyuma, na ziwa likafanyika.

Mwisho wa reli ni Kigoma, penye Ziwa Tanganyika, na hapo mchoro wangu ulianguka kama ukuta. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, lakini kina chake kikubwa ni karibu mita 1,470. Maana yake ni kwamba sakafu yake iko mita 700 chini ya usawa wa bahari. Kusini yake, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, uko uwanda wa Ufipa, ambapo mji wa Sumbawanga umekaa kwenye kimo cha mita 1,800 hivi. Ufa mmoja umezamisha pande moja, na pande jirani limebaki hewani.

Jambo moja lilinishangaza katika kuchora. Kama ningechora kwa vipimo vya kweli, kila kilomita moja ikawa milimita moja, karatasi ingekuwa na urefu wa mita moja na robo, na kimo cha Dodoma kingekuwa milimita moja tu! Kilimanjaro yenyewe isingefika milimita sita. Lakini unene wa ganda chini ya uwanda ungekuwa karibu sentimita nne. Basi twaona kwamba milima na nyanda zetu zote ni mikwaruzo midogo juu ya ganda nene. Kinachoshangaza ni ile nguvu iliyoweza kulinyanyua ganda lote, sentimita nne zote, kwa upana wa nchi kadhaa.

NYANDA ZA JUU KUSINI

Wenzetu wanaosafiri kwa reli ya TAZARA huona jambo jingine. Reli hiyo, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita bonde la Kilombero lililo chini, kisha kati ya Mlimba na Makambako hupanda ukingo wa uwanda kwa madaraja na mahandaki mengi. Wajenzi walipata taabu kubwa hapo, kwa sababu ndipo penye ukingo mkali.

Karibu na Mbeya mikono ya Bonde la Ufa hukutana. Mahali nyufa zinapokutana, mawe yaliyoyeyuka hupata njia ya kupanda. Huko uko mlima wa volkano wa Rungwe, kama mita 2,960. Na uwanda wa Kitulo, wenye kimo cha karibu mita 2,600, umefunikwa kwa mawe ya volkano ya kale. Kwa hiyo Kitulo umeinuliwa pamoja na nchi, kisha ukaongezewa tabaka juu, kama mtu aliyesimama juu ya kiti akavaa na kofia. Tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa, na maua yake yameupa jina la Bustani ya Mungu.

SISI WA PWANI

Labda sasa mtoto wa Mbagala au wa Tegeta atasema: hayo ni mambo ya Bara. Nataka kumwonyesha kwamba sivyo.

Kwanza, nchi ikiinuka, mito hupata mteremko, na mto wenye mteremko huchimba. Udongo na mchanga wa Bara husafirishwa kuja pwani. Vilima vya Pugu vina mawe ya mchanga na udongo mweupe wa kaolini, ulioletwa na mito ya kale. Tumejenga juu ya vumbi la milima.

Pili, maji. Upepo wenye unyevu utokao baharini hukutana na ukuta wa Uluguru, hulazimika kupanda, hupoa, na mvua hunyesha. Mvua hiyo huzaa mto Ruvu, na maji mengi ya Dar es Salaam hutoka katika mto huo. Mwaka 2022 Ruvu ulipopungua kwa ukame, mji wote ulipewa maji kwa mgawo. Kama nyufa za kale zisingaliiacha Uluguru juu, ndoo zetu zingalikuwa na habari nyingine. Na anayekata misitu ya Uluguru leo anaikata ndoo ya mtu wa Temeke.

Tatu, pwani yenyewe haikukaa kimya. Kule Wazo, upande wa Kinondoni, huchimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji. Mawe hayo ni matumbawe, na matumbawe huota baharini tu. Leo yako kilimani. Huko, tofauti na Turkana, kupanda kwa nchi na kupanda na kushuka kwa bahari vyote vimeshiriki.

KAZI HAIJAISHA

Jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa: kazi hii ingali inaendelea. Pande la mashariki ya Afrika na pande la magharibi huachana kwa milimita chache tu kila mwaka. Kucha ya kidole cha mkono hukua kiasi hicho kwa mwezi mmoja. Ni kidogo, lakini milimita tatu kwa mwaka ni kilomita tatu katika miaka milioni moja.

Ganda halijongei sawasawa. Hushikamana muda mrefu, kisha hukatika ghafula, na hapo ndipo huja tetemeko la ardhi. Tarehe 13 Desemba 1910 lilitokea tetemeko upande wa Rukwa na Ziwa Tanganyika lenye kipimo cha karibu 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kupimwa barani Afrika. Tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Kagera. Watu wasiopungua 16 walifariki na nyumba nyingi zilianguka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, ambazo ni za serikali na za bweni kama yetu, ziliharibiwa vibaya hata zikafungwa kwa muda. Na usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la kipimo cha 6 hivi lilitokea chini ya bahari upande wa Mafia, na Dar es Salaam watu walitoka nje ya nyumba zao.

Kwa hiyo elimu hii si ya mtihani peke yake. Hakuna awezaye kutaja siku ya tetemeko, lakini kila mtu aweza kujiandaa. Ajengaye nyumba na afunge kuta zake pamoja kwa lenta ya zege yenye nondo, maana ukuta usiofungwa ndio uangukao upesi. Nasi wa bweni tukumbuke haya: nchi ikitikisika usikimbilie ngazi wala dirisha. Jikinge kichwa chini ya meza imara. Uliye kitandani jifunike kichwa kwa mto. Uliye nje kaa mbali na kuta na nyaya za umeme. Mtikisiko ukikoma, ndipo mtoke kwa utaratibu, nanyi mwangalie kama kila mwenzenu yupo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya kufanyika kwa uwanda wa Tibet na uwanda wa Afrika Mashariki.
2. Kwa nini nyangumi wa Loperot ni shahidi mwema wa kuinuka kwa nchi?
3. Ziwa Victoria ni pana lakini si la kina. Ziwa Tanganyika ni jembamba lakini ni la kina sana. Toa sababu.
4. Chora mkato wa nchi kutoka shuleni hadi kwenu. Taja mahali ambapo ganda limevimba, limepasuka, au limefunikwa kwa mawe ya volkano.